Amejenga Nini?

Msiba wa mzee aliyeishi miaka mingi una utulivu wake. Watu wa Mpwapwa wakifika husalimia, "Mbukwenyi," wakaketi, wakapewa chai, na baada ya muda mazungumzo huhama kutoka ugonjwa wa mwisho kwenda kwenye hesabu. Alikuwa meneja huyu. Akawa mkurugenzi. Alipanda gari la shirika lenye dereva wakati magari ya wilaya nzima yalikuwa ya kuhesabika. Kisha mtu mmoja, mara nyingi kijana, hutazama ukuta wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa plasta tangu usimame, akatazama mabati yaliyopauka, akauliza kwa sauti ya chini: sasa mzee huyu amejenga nini?

Swali hilo nimelisikia katika misiba mingi ya wastaafu wa kizazi kile, na nililisikia tena uwanjani kwa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu, aliyefariki akiwa amevuka miaka 90. Anayeuliza hana dharau. Yeye mwenyewe anatafuta maisha, anataka kujua miaka thelathini na kitu ya kazi nzuri humwachia mtu kitu gani mkononi. Nataka kulijibu kwa dhati, kwa kuwa naamini Baba Mkubwa alijenga sana, na naamini pia kwamba jibu lenyewe lina gharama ambayo sisi tuliofaidika hatupendi kuitaja.

Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, miaka ya nzige kama wazazi wake walivyoikumbuka. Tarehe aliipata kanisani siku ya kubatizwa, maana wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekita Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na vitabu vyao vilipenda tarehe. Nyumbani kwao ilitajwa zaidi tarehe nyingine: Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua nafaka, yakichukua ng'ombe, yakichukua wanaume wa kubeba mizigo ya vita, na baada ya hapo mvua ikakataa. Watu walitembea mbali kwenda kuhemea. Wengine waliwaacha watoto kwa jamaa waliokuwa bado na mtama ghalani, wakaondoka bila kujua kama watarudi kuwachukua. Mama yake Baba Mkubwa alikuwa mmoja wa watoto walioachwa hivyo na wakarudiwa. Alikua akijua, kama anavyojua jina lake, kwamba yu hai kwa sababu kulikuwa na nyumba ya shangazi upande wa pili wa mlima.

Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mjini Dodoma wastani wake ni takriban milimita 570 kwa mwaka. Wastani huo huficha mengi: mwaka mmoja hunyesha vizuri huku, kilomita 20 kutoka hapo mtama ukakauka ukiwa magotini. Ndiyo maana Mgogo mwenye ng'ombe hakuwaweka wote katika zizi moja. Wachache aliwapeleka kwa shemeji Kibakwe, wengine kwa rafiki upande wa Kongwa, wengine kwa mjomba Mvumi. Anayewalea hunywa maziwa, hupata samadi, na ndama wakizidi hukumbukwa. Ugonjwa ukiingia zizi hili, zizi lile limebaki. Ukame ukipiga hapa, kule kuna majani. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima, kikatoka mwaka 1969, kuhusu jinsi ng'ombe na undugu vinavyoshikana katika nchi hii. Mgeni anayepita barabarani haoni hayo. Huona zizi lenye ng'ombe wanne, akadhani mwenye nyumba ni maskini.

Baba Mkubwa alisomea mifugo hapa hapa Mpwapwa, akaanza kazi akiwa bwana mifugo kijana katika kituo ambacho Wajerumani walikianzisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hiyo ilikuwa miaka ya kutafuta mbegu mpya: zebu wetu wakipandishwa na Sahiwal na Red Sindhi kutoka upande wa India, hadi mwaka 1958 mbegu hiyo ikapewa jina la mji wenyewe, ng'ombe wa Mpwapwa. Alipenda kueleza kwamba kazi ile ilimfundisha subira na daftari. Kila ndama na mama yake, kila mama na maziwa yake, yote yaliandikwa, na aliyeanza kuandika hakuwa na uhakika wa kuona matokeo.

Kisha ukaja mwaka 1967. Tarehe 5 Februari Azimio la Arusha lilitangazwa, kesho yake mabenki yakataifishwa, na nchi iliyokuwa na wahitimu wachache ikajikuta inahitaji mameneja kwa haraka. Mashirika ya umma yaliendelea kuzaliwa hadi yakapita 400 katika miaka ya 1980. Mtu aliyekuwa bwana mifugo jana alikabidhiwa ranchi leo, na miaka michache baadaye akaitwa makao makuu Dar es Salaam kukalia meza ya mkurugenzi. Hivyo ndivyo Baba Mkubwa alivyopanda. Kanuni za uongozi zilipanda naye. Kiongozi, na wakuu wa mashirika walihesabiwa humo, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwenzi wake wa ndoa naye alibanwa na kanuni hizo hizo.

Hapo pana neno la kusema kuhusu nyumba za kupangisha, maana leo tunazungumza kana kwamba kila aliyezitaka alikuwa mlafi. Bibi Titi Mohamed, aliyeijenga TANU mtaa kwa mtaa na nyumba kwa nyumba kabla wengi wa wakubwa hawajaijua, aliondoka katika Kamati Kuu mwaka huo huo wa 1967 kwa sababu hiyo hasa. Kwa mwanamke wa Dar es Salaam asiye na pensheni wala shahada, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo uzee wake. Simlaumu hata kidogo. Namtaja ili ieleweke kwamba waliotii kanuni ile waliacha kitu halisi, kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekishika.

Basi mkurugenzi mwenye mshahara mmoja, asiyeweza kununua hisa wala kupangisha chumba, mshahara wake unakwenda wapi? Wapo waliounywa. Wapo waliopata njia za pembeni. Baba Mkubwa aliufanyia alichofanya babu yake kwa ng'ombe. Aliutawanya.

Ninalo mkononi kaunta buku lake la miaka ile, lenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu uliochakaa. Mistari aliipiga kwa rula. Safu ya kwanza ni jina la mtoto, ya pili ni mtoto wa nani, ya tatu shule, ya nne alichopelekewa, ya mwisho ni tarehe. Hakuna safu ya deni. Nimeitafuta, nikidhani labda ameiweka nyuma ya kitabu, haipo. Katika safu ya nne yamo mambo madogo madogo ambayo aliyesoma bweni miaka hiyo atayatambua mara moja: sanduku la bati, shuka mbili, ndala, sabuni, nauli ya kutoka kijijini hadi Gulwe. Mwanafunzi wa sekondari alisafiri kwa waranti ya Serikali, lakini waranti haikununua sanduku, na mtoto aliyechaguliwa kwenda Tabora au Iringa bila sanduku aliweza kubaki nyumbani kwa aibu tu. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kuikosa moja kwa sababu ya bati na kufuli ni jambo ambalo Baba Mkubwa hakulikubali.

Katikati ya miaka ya 1980, ada ya sekondari iliporudishwa, mwandiko unabadilika. Herufi zinakuwa ndogo, majina yanabanwa mawili katika mstari mmoja. Hiyo ni miaka ya foleni za sukari na khanga, miaka ambayo vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha ila nchi ilikuwa bado inavilipa. Majina hayapungui. Yanaongezeka.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Mtu anayebeba ukoo mkubwa na papo hapo ana ofisi kubwa yuko katika jaribu ambalo halina mwisho, kwa kuwa njia rahisi ya kuwasaidia ndugu zake iko mezani pake, katika mhuri. Ndivyo ofisi nyingi zilivyojaa shemeji na wapwa. Nakumbuka kijana mmoja wa ukoo wetu aliyesafiri hadi Dar es Salaam akiwa na cheti cha kidato cha nne kisicho na alama za kujivunia, pamoja na barua ya Bibi. Aliomba ukarani wa stoo. Baba Mkubwa aliisoma barua ya mama yake hadi mwisho, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Akamweleza kijana kwamba nafasi hutangazwa na kamati ndiyo inayochagua, akamchukua kwenda nyumbani kula. Kijana alikaa kwake, akalipiwa mafunzo ya umeme wa magari, na hadi leo anaishi kwa kazi hiyo. Lakini Bibi alikasirika, na hasira yake haikuwa ya siku moja. Aliona mwanawe ana ofisi nzima na ameshindwa kumpa mjukuu kiti kimoja. Baba Mkubwa alipokuja likizo alikaa karibu naye jikoni, akamenya karanga, akanyamaza. Msimamo wake ulikuwa kwamba mshahara ni wake na ofisi si yake, na hakuwa na namna ya kuueleza kwa mama aliyeponea Mtunya katika nyumba ya shangazi bila kumuumiza.

Sijui somo la uongozi lililo gumu kuliko hilo. Kumnyima ndugu ni rahisi kwa mtu asiyempenda. Kumpa ndugu kiti cha umma ni rahisi kwa mtu asiyeujali umma. Yeye aliyapenda yote mawili, na kila mwezi alilipa tofauti kutoka mfukoni mwake.

Mfukoni mwake, nimesema, na hapo ndipo wasifu uliosomwa kanisani ulipopungukiwa. Mshahara ulikuwa na jina lake, lakini mtoto hakulelewa na bahasha. Aliyeamka alfajiri kuwapikia watoto kumi na zaidi katika nyumba ya vyumba vinne alikuwa Mama Mkubwa. Ndiye aliyejua yupi anakojoa kitandani kwa sababu amefiwa na yupi kwa sababu anaumwa, ndiye aliyepima nguo ya huyu kwa mgongo wa yule, ndiye aliyekwenda shuleni mwalimu alipoita. Alikuwa ameacha kazi ya ualimu katika uhamisho wa tatu wa mumewe. Wakati ule meneja alihamishwa kwa barua ya mistari minne na familia ilifuata. Kaunta buku halina mwandiko wake hata mahali pamoja. Tunapomwita Baba Mkubwa mtu wa familia tunasema kweli, ila nusu ya cheo hicho ni ya mkewe, na hakuna ofisi iliyompa barua ya kuthibitishwa kazini.

Ukipenda mfano wa watu wanaojulikana, mtazame Job Lusinde, mtu wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1930. Alikuwa mwalimu kabla ya siasa, akaingia baraza la kwanza la mawaziri la Tanganyika huru akiwa na miaka 31, akashika wizara ya mawasiliano, uchukuzi na kazi katika miaka ambayo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, baadaye akawa balozi. Alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 89. Anayetafuta habari zake atakutana na vyeo, kimoja baada ya kingine, na ni vyeo vizito. Atakachokikosa ni kile ambacho kila nyumba ya kizazi kile inakijua: watu waliofika mlangoni wakitokea kijijini bila taarifa, na hawakurudishwa. Mambo hayo hayana kumbukumbu rasmi, kwa hiyo yakifa hufa na wenyewe.

Mtazame pia Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu yetu, mwaka 1966. Kitabu chake cha maisha, cha mwaka 2009, kinamtaja kwenye jalada lenyewe kama mchunga mbuzi kwanza, gavana baadaye. Mwaka 1979, akiwa Waziri wa Fedha, alitofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akajiuzulu. Alikwenda shambani kwake kwenye kahawa, Arusha. Namheshimu kwa uamuzi ule, na unanifikirisha upande wa pili wa hoja yangu. Mtu mwenye shamba ana mahali pa kwenda anaposema hapana. Baba Mkubwa, je, angekuwa na ujasiri huo, akiwa na majina yote yale yanayosubiri mwisho wa mwezi? Kutawanya mali ni bima dhidi ya ukame. Si bima dhidi ya mwajiri.

Ukame wake ulikuja baada ya kazi. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Azimio la Zanzibar la Februari 1991 lilikuwa limeshalegeza kanuni za uongozi, na mwaka 1992 iliundwa Tume ya Rais ya kurekebisha mashirika ya umma, yaani kuyauza, kuyabinafsisha au kuyafunga. Waliokuwa kazini wakaanza kujenga kwa haraka. Yeye alikuwa ametoka tayari. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa takriban shilingi 17. Mwaka 1992 ilikaribia 300. Mafao yaliyokokotolewa kwa mishahara ya zamani yalinunua mabati, saruji kidogo, na kile kiambaza cha matofali ambacho hakikupata plasta. Alirudi Mpwapwa chini ya milima ya Kiboriani na mizigo ya kujaza lori moja.

Ikawa sasa zamu ya mazizi mengine. Fundi umeme wa magari alileta betri na redio. Binti aliyepelekewa shuka mbili, sasa muuguzi, alimsimamia dawa za presha kwa miaka yote iliyobaki. Mwalimu mmoja aliyekuwa katika kitabu, mstari wa juu kabisa, alilima shamba la mtama la Baba Mkubwa kila msimu kabla hajaligusa la kwake. Mafuriko yalipokula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikakatika kwa miezi, mtu alimfuata kwa basi kutoka Morogoro ili asikose kliniki. Alikula ugali wa uwele na mlenda karibu kila jioni kwa zaidi ya miaka thelathini, na sidhani kama alikula peke yake hata mara moja. Mstaafu wa Dar es Salaam mwenye nyumba tatu za kupangisha ana kodi yake kila mwezi, nami simwonei husuda wala simcheki. Lakini nimewaona baadhi yao wakizeeka, na najua ninachokisema.

Wapo walioandikwa katika kitabu na hawakuonekana tena. Mmoja alikuja msibani na gari kubwa, akatoa rambirambi nono kuliko wote, akaondoka kabla ya mazishi. Baba Mkubwa alipokuwa hai alikataa kabisa kuwazungumzia watu wa namna hiyo. Ng'ombe wengine hufia ugenini, basi. Hiyo ni sehemu ya ufugaji.

Linalonisumbua zaidi ni watoto wake wa kuzaa. Walilala wanne kitanda kimoja katika nyumba ya mkurugenzi. Walivaa viatu vilivyopita miguu miwili kabla ya yao. Mtoto wa meneja mwenzake alikuwa na baiskeli. Wao walikuwa na binamu. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali kugawana baba. Mwanawe wa pili, mtu mpole na mwerevu, aliniambia waziwazi baada ya arobaini kwamba alimpenda baba yake na hakubaliani naye. Makao makuu yalipoamuliwa kuhamia Dodoma mwaka 1973, viwanja vilianza kupimwa, na Baba Mkubwa alionyeshwa kimoja, mahali pazuri, kwa bei ambayo angeimudu. Kanuni hazikumkataza kuwa na nyumba ya kuishi. Aliahirisha, kwa sababu mwaka huo kulikuwa na watoto watatu wa kupeleka shule, na mwaka uliofuata wanne. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kwa kweli, mwaka 2016 na kuendelea, na hasa sasa ambapo treni ya umeme inawafikisha watu kutoka Dar es Salaam kabla chai haijapoa, kiwanja kama kile kina thamani ambayo ingewasomesha wajukuu wote na kubaki.

Nilimwambia kuhusu mazizi, kuhusu Mtunya, kuhusu muuguzi na dawa za presha. Alisikiliza vizuri. Alisema yote hayo anayajua, na kwamba baba yake angeweza kufanya hayo yote na kununua kiwanja pia, kama angepunguza majina mawili. Nilifungua kitabu, nikamwomba achague ayafute yapi. Hakuchagua, lakini hakusema kwamba nimemshinda, na kwa haki sikuwa nimemshinda: mtu hawezi kufuta jina la ndugu aliyekua naye, na hiyo haifanyi hasara yake kuwa ndogo. Kiwanja kile kina ghorofa la mtu mwingine sasa. Yeye hupita mbele yake kila siku akienda kazini, na nyumba anayoishi ni ya kupanga. Ndani yake wamo watoto wawili wa binamu wanaosoma Dodoma, na ada yao analipa yeye.